Nataka kutafiti jinsia na maadili katika michezo: je, njia hiyo ipo?

*"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa elimu kwa michezo katika shule ya sekondari ya serikali huku Mbagala, nina miaka 27. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikwenda UMISSETA, mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari, na timu ya mkoa wetu. Katika mita 800 binti mmoja wa mkoa mwingine aliwaacha wenzake mbali sana, na kabla hajapewa cheti walimu wa timu nyingine wakasema ni mvulana. Walimu wawili wa kike wakampeleka bafuni kumkagua. Alitoka analia, akafungasha, na sikumwona tena kwenye mashindano yoyote. Jambo hilo halijanitoka. Nataka kusoma uzamili na baadaye uzamivu, niwe mhadhiri anayetafiti jinsia na maadili katika michezo. Mjomba, ambaye ndiye angenisaidia ada, anasema hakuna kazi inayoitwa hivyo na kwamba nisome usimamizi wa rasilimali watu. Wenzangu shuleni wanasema hayo ni mambo ya nje na nitajiharibia jina. Nami nina hofu yangu: sikuwahi kuwa mwanariadha mkubwa, na sayansi ya homoni siijui. Je, njia hii ipo kweli? Na kisa cha yule binti kinaweza kuwa utafiti wangu wa kwanza?"*

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale bafuni. Umeuliza mambo kadhaa, lakini naona hofu iliyo chini yake ni moja: kwamba jambo lililokuuma ukiwa msichana wa shule huenda ni uchungu tu wala si elimu, na kwamba ukilijengea maisha yako yote utakuja kukuta umejenga mchangani. Njia ipo. Ni nyembamba, ina masharti, na swali lako la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo nitalifikia baada ya kusafisha mengine.

Nianze na hilo la "mambo ya nje", kwa kuwa ndilo linaloweza kukuzuia hata kabla hujajaza fomu. Katika maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili tunatenganisha jinsi, yaani maumbile ya kike na ya kiume, na jinsia, yaani nafasi, majukumu na madaraka ambayo jamii huwagawia watu kwa kuyatazama maumbile hayo. Mtaani maneno haya huchanganywa, na ndiyo sababu ukisema unatafiti jinsia katika michezo mmoja anadhani unatetea wanawake tu na mwingine anadhani umetumwa. Waeleze wenzako kwamba swali la nani anakabidhiwa ufunguo wa stoo ya mipira ni swali la jinsia. Vivyo hivyo swali la kwa nini netiboli huonwa kuwa ya wasichana, au kwa nini timu ya wasichana huanza mazoezi pale tu wavulana wanapomaliza na giza linaingia. Waliomkagua yule binti hawakutumwa na mtu wa nje, mwalimu. Walitoka kwenye mabweni yaleyale mliyolala.

Zaidi ya hapo, wanawake ambao mjadala huu wa nani ashindane kama mwanamke umewaumiza hadharani ni majirani zetu. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 medali zote tatu za mita 800 za wanawake zilikwenda Afrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Baada ya kanuni za homoni za mwaka 2018 wote watatu walizuiwa kukimbia umbali huo bila kushusha testosteroni yao, homoni ambayo kwa kawaida huwa nyingi zaidi kwa wanaume. Annet Negesa wa Uganda, naye mkimbiaji wa mita 800, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba alifanyiwa upasuaji mwaka 2012 bila kuelezwa ipasavyo atakavyokuwa baadaye. Shirikisho la kimataifa la riadha limekana kuhusika. Mwaka 2021 Christine Mboma na Beatrice Masilingi wa Namibia waliondolewa katika mita 400, na Mboma akahamia mita 200, akarudi na medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2022 mwanasoka Barbra Banda wa Zambia alikosa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake kwa sababu za namna hiyohiyo. Hawa ni wanawake waliozaliwa, wakaitwa mabinti na wakalelewa hivyo. Ukiichora ramani ya nchi zao, Tanzania imezungukwa.

Sasa sayansi unayoiogopa. Huhitaji kuwa daktari, ila unahitaji kuelewa kwa nini bafuni hapakuwa na jibu lolote la kupatikana. Mwili haukuandikiwa jinsi yake mahali pamoja. Kuna kromosomu, kuna jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y na huanzisha ukuaji wa korodani mimba ikiwa changa, kuna homoni zinazotolewa baadaye, na kuna vipokezi vya seli, ambavyo visipoisikia homoni hiyo huifanya isifanye kazi hata ikiwa nyingi. Mara nyingi sana mambo haya manne hukubaliana, na ndiyo maana wengi wetu hatulazimiki kuyafikiria. Kwa watu wachache hayakubaliani, na mtu anaweza kuwa na kromosomu XY, ambazo kwa kawaida huwa za wanaume, mwili wa nje wa kike kabisa, na asijue hadi apimwe. Kwa hiyo jicho la mwalimu haliwezi kuona kilichomo, na pia linaweza kuona kisichokuwamo: binti wa miaka kumi na sita aliyechelewa kuvunja ungo, mwenye misuli ya kuchota maji na kupanda vilima kwenda shule, ataonekana "wa kiume" kwa mtu aliyekwisha kumshuku.

Hata maabara imeteleza mara nyingi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianza kupima kromosomu za wanawake mwaka 1968, ikaacha mwaka 1999. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1985, mkimbiaji wa kuruka viunzi wa Hispania, María José Martínez-Patiño, alikutwa na kromosomu XY huko Kobe. Vipokezi vyake havikuwa vikiitikia testosteroni, hivyo haikumpa faida yoyote, lakini jina lake lilitoka magazetini na akapoteza nafasi yake katika timu. Alipigania haki yake hadi akarudishwa mwaka 1988. Ninakutajia yeye hasa kwa sababu baadaye alisomea sayansi ya michezo hadi uzamivu, akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Vigo, na akaandika kuhusu upimaji huohuo. Njia unayoiuliza imekwisha kupitiwa na mtu aliyeanzia mahali pa yule binti.

Tangu hapo kipimo kimebadilika tena na tena. Kanuni za testosteroni zilisimamishwa mwaka 2015 baada ya Dutee Chand wa India kukata rufaa, zikarudi mwaka 2018 kwa umbo jingine, zikiweka kikomo cha nanomoli 5 kwa lita kwa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja, na mwaka 2023 kikomo kikashushwa hadi 2.5 na kuhusisha mashindano yote ya riadha. Mwaka 2025 Shirikisho la Riadha la Dunia liliingiza kipimo cha jeni ya SRY, kinachofanywa mara moja, kwa kila mwanamke anayetaka kushindana ngazi ya dunia. Utaona kwamba swali la maabara limezunguka na kurudi karibu na lilipokuwa mwaka 1968.

Lakini nakuomba usiingie kwenye uwanja huu ukiamini kwamba upande mmoja una haki yote. Kundi la wanawake lipo kwa sababu ya kweli. Katika mbio, tofauti ya wanaume na wanawake wa kiwango cha juu ni kama asilimia 10 hadi 12, na sehemu kubwa hutokana na testosteroni ya baada ya kubalehe. Siku ile ya Septemba 2023 ambapo Magdalena Shauri wetu alimaliza wa tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41, Eliud Kipchoge alishinda kwa wanaume kwa 2:02:42. Bila kundi la wanawake, jina la Magdalena lisingesikika hata redioni. Anayelinda kundi hilo analinda kitu chenye thamani, na mtafiti mwaminifu huanza kwa kulikiri hilo kabla ya kuuliza nani anabebeshwa gharama ya ulinzi huo na kwa ushahidi gani. Mwaka 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ilisema kanuni zilizomhusu Semenya ni za kibaguzi, na papo hapo ikasema ubaguzi huo ni wa lazima na wa kadiri ili kulinda mashindano ya wanawake. Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba Uswisi, ambako mahakama hiyo ya michezo iko na ambako Semenya alikata rufaa, haikumpa haki ya kusikilizwa ipasavyo. Soma hukumu hizo zote mbili polepole. Humo mna kazi ya maisha.

Na kazi hiyo ina matunda. Kanuni za 2018 ziliegemea sana utafiti wa mwaka 2017 uliofanywa na wanasayansi wa shirikisho lenyewe. Watafiti watatu wasio wa shirikisho waliomba takwimu, wakazipitia upya, na mwaka 2019 wakaonyesha kwamba zilikuwa na makosa mengi. Mwaka 2021 jarida lililochapisha utafiti huo likatoa sahihisho lililokiri kwamba matokeo yake yalikuwa ya uchunguzi wa awali na hayakuthibitisha kwamba testosteroni ndiyo iliyosababisha ushindi. Miongoni mwa watatu hao alikuwamo Roger Pielke, ambaye taaluma yake ni sera za sayansi. Hapo ndipo linapojibiwa swali lako la kutokuwa mwanariadha mkubwa: walichohitaji ni uvumilivu wa kusoma majedwali na ujasiri wa kuandika walichokiona. Wewe umekimbia ngazi ya mkoa na unafundisha michezo kila wiki. Inatosha.

Tuje kwa mjomba. Anaposema hakuna kazi inayoitwa hivyo, yuko sahihi, na ni vyema umwambie hivyo. Pale anapokosea ni kudhani kwamba mtu huajiriwa kwa jina la mada yake. Jinsia na maadili katika michezo ni mada, si taaluma. Chuo kitakuajiri kama mwanasosholojia, mwanafalsafa, mwanasheria au mtaalamu wa sayansi ya michezo, kitakupa kozi za mwaka wa kwanza zenye wanafunzi mia kadhaa, kisha utatafiti mada yako jioni na wakati wa likizo. Vijana wengi niliowaona wakikwama walianza na mada wakasahau taaluma: wana uchungu, wana mifano, lakini hawana mbinu inayowafanya watofautiane na mchambuzi mzuri wa redio. Kwa historia yako ningekushauri uzamili katika elimu ya viungo na sayansi ya michezo, au katika sosholojia, pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Falsafa ningeiweka ya tatu, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na neno "maadili", kwa sababu nafasi zake za kazi ni chache mno. Sheria ina mlango mpana, ila itakudai uanze upya shahada ya kwanza, na hilo sikushauri.

Masharti yenyewe ni magumu. Vyuo vya umma kwa kawaida hudai wastani wa 3.5 au 3.8 kwenda juu katika shahada ya kwanza, na 4.0 katika uzamili, ili uanze kama mhadhiri msaidizi. Kama cheti chako cha kwanza kiko chini ya hapo, nikuambie sasa kuliko ukaambiwa baada ya kulipa ada: mlango wa uhadhiri katika vyuo hivyo utakuwa mgumu sana kufunguka, ingawa elimu yenyewe bado itakufaa katika Baraza la Michezo la Taifa, katika vyama vya michezo, katika mashirika ya ulinzi wa watoto, na katika shule yako. Usiache kazi. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako, uipate kwa maandishi, ndipo uondoke kituoni. Ufadhili wa nje upo pia: wa Jumuiya ya Madola nchini Uingereza na wa DAAD wa Ujerumani huwafikia Watanzania kila mwaka, na Ulaya kuna uzamili wa maadili na uadilifu wa michezo uliobuniwa na vyuo kadhaa kwa pamoja, kikiwamo KU Leuven cha Ubelgiji. Hata hivyo uzamili wa kwanza ningependa uufanye hapa, kwa sababu maswali yako yako hapa.

Kuhusu maswali hayo, niseme ninachoamini. Homoni huvuta macho ya dunia, lakini kwa mabinti wetu naona jeraha kubwa zaidi liko kwenye fedha na kwenye madaraka ya kocha. Agnes Tirop wa Kenya aliuawa Oktoba 2021, wiki chache baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Paris Agosti 2024, na Septemba alifariki baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Hawakuwa na kesi ya testosteroni. Walikuwa wanawake waliokuwa na kipato na mali, katika jamii ambayo haikuwa imejiandaa kumwona mwanamke akivimiliki. Hapa kwetu Serengeti Girls, timu ya taifa ya soka ya wasichana, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Nani alisaini mikataba yao wakiwa watoto, nani aliwaeleza yaliyoandikwa humo, na binti akipata ujauzito au akiumia goti nani anabaki naye? Nimekaa kwenye benchi za viwanja vya Dar es Salaam miaka mingi na sijachoka kuyauliza haya.

Sasa yule binti. Hapana, mwalimu, kisa chake kisiwe utafiti wako wa kwanza, na nitakueleza kwa nini kutokana na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mtafiti mchanga nilihojiana na wanariadha wa kike katika kambi moja. Mmoja alinieleza jambo zito, nikaliandika bila kutaja jina lake, lakini nikaweka umbali anaokimbia, mwaka na mkoa. Mtu yeyote wa riadha aliyesoma aya ile alimjua papo hapo. Alikuwa ameridhia kuzungumza nami. Hakuwa ameridhia kutambuliwa, na mimi sikuona tofauti hiyo hadi aliponipigia simu. Nilimwomba radhi. Hakurudi kuzungumza nami, na alikuwa na haki.

Mita 800, mashindano ya shule, mwaka fulani, aliyeshinda kwa mbali: kisa cha yule binti kinatambulika hata ukikinyima jina. Tena alikuwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na utafiti juu ya mtoto hudai ridhaa ya mzazi au mlezi na vilevile kukubali kwa mtoto mwenyewe. Sasa ni mtu mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Hata sheria zote zikikuruhusu, mtu aliyewahi kuvuliwa nguo mbele ya wasiomhusu asivuliwe tena na mtafiti mwenye nia njema.

Geuza kamera. Wafanyie utafiti wale waliomkagua badala ya kumtafiti aliyekaguliwa: walimu wa michezo, waamuzi, viongozi wa timu. Waulize wanafanya nini mshindani anapotiliwa shaka, nani anaamua, kwa kanuni ipi, na walijifunza wapi. Hilo ni swali la uzamili lililo kamili, linapimika, halimwiti mtoto yeyote shahidi, na wewe una mlango wa kuingilia ambao profesa hana, kwa kuwa ni mwenzao. Omba kibali cha maadili cha chuo kabla ya mahojiano ya kwanza, hata yale unayoyaita ya kirafiki.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Ikiwa leo, shuleni kwako au kwenye mashindano, mwanafunzi anashukiwa, usimkague na usiruhusu akaguliwe. Zungumza na mzazi wake faraghani, na ikiwa kuna swali la kiafya la kweli, mpelekeni kwa daktari, ambaye anaweza kuwapa rufaa ya wataalamu wa homoni pale Muhimbili. Ikiwa ameguswa au kuvuliwa kwa nguvu, hilo ni jambo la Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Kuhusu masomo, andika kurasa mbili tu: swali lako, utamuuliza nani, kwa njia gani. Nenda nazo idarani Mlimani ana kwa ana kabla hujalipia fomu, ukamtafute mhadhiri atakayekubali kukusimamia, kwani bila msimamizi wa mada hii miaka miwili itapotea. Jumatano moja pita pia TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, pale Mabibo kwenye semina zao za jinsia na maendeleo, ukae nyuma, usikilize watu wanavyolijadili neno hili kwa Kiswahili.

Na kama unajua alipo yule binti, nenda ukamsalimie. Usiende na daftari wala kinasa sauti. Mwambie ulikuwepo siku ile, kwamba uliona alivyokimbia, na kwamba lililofuata halikuwa haki. Akitaka kuzungumza, msikilize. Akibadilisha mazungumzo, yabadilisheni pamoja. Ukirudi nyumbani usiandike chochote.